Jambori la Saemangeum, Korea 2023: nyota mbili kati ya tano, na zote mbili nawapa wananchi

Wazazi na viongozi wenzangu mmeanza kuulizana kuhusu Jambori la Dunia la Poland 2027, tuwapeleke watoto au tuache, maana kila mtu bado anazikumbuka zile picha za kambi ya Korea 2023, watoto wakiugua kwa joto. Mimi ni kiongozi wa skauti, Saemangeum sikuwepo, ila ile ishu niliifuatilia kuanzia siku ya kwanza hadi ripoti zilizokuja kutoka baadae, na naamini kabla hatujachangisha hata shilingi moja ya safari ijayo inabidi tujue kule kilitokea nini hasa, sio kusikia sikia. Kwa hiyo hii ni rivyu ya huduma kama rivyu nyingine yoyote, watu walilipia nini, wakaahidiwa nini, na wakapewa nini.

Kwa ambaye hana habari, Jambori la Dunia ni kambi kubwa ya skauti wa dunia nzima, hufanyika kila baada ya miaka minne, washiriki ni vijana wa miaka 14 hadi 17, na watu wazima wanaenda kama viongozi au kama timu ya kutoa huduma. Lile la 25 lilikuwa tarehe 1 hadi 12 Agosti 2023, Saemangeum, wilaya ya Buan, Jeolla Kaskazini, watu kama 43,000 kutoka nchi zaidi ya 150. Korea ilipewa uenyeji mwaka 2017 kwenye mkutano wa skauti wa dunia kule Baku, ikiishinda Gdańsk ya Poland. Yaani walikuwa na miaka sita. Hii miaka sita iweke kichwani maana ndio inayoniuma kuliko hata lile joto lenyewe.

Tuanze na eneo. Saemangeum sio msitu wala sio ufukwe, ni bahari iliyofukiwa. Wakorea walijenga ukuta wa zaidi ya kilomita 33 kukinga maji, sehemu ya ndani ikawa inageuzwa nchi kavu kidogo kidogo, na hiyo sehemu ya kambi iliandaliwa kwa hesabu za ardhi ya kilimo, bapa kabisa, maji hayana pa kwenda. Mti hakuna. Julai ni mwezi wa mvua kubwa Korea, ikanyesha, maji yakatuama, na siku watoto wanafika wakakuta ardhi bado ina madimbwi, ikabidi wapewe paleti za plastiki, zile za kupangia mizigo ghalani, wazilaze chini halafu hema lisimame juu yake. Hebu fikiria mtoto wa miaka 14 analala juu ya paleti, chini yake maji yaliyotuama, jua limewaka mchana kutwa, na mbu na wadudu wengine wanatoka humo humo chini ya godoro lake. Zile picha za miguu ya watoto imejaa vipele kuanzia kifundo hadi gotini zilitokana na hapo. Wadudu ni moja ya sababu kubwa zilizowapeleka watoto kliniki, sio joto peke yake.

Kuhusu joto, nimesoma wabongo wakiandika kwamba nyuzi 35 ni kitu gani, sisi Dar tunaishi nazo. Jamani hapana. Dar unakaa chini ya mwembe, unaingia ndani, unaoga mara tatu, unajua saa ngapi usitoke. Pale ni nyuzi 35 na unyevu wa baharini, tambarare tupu, mahema yamepangana hadi macho yanachoka, na mtoto ana ratiba ya kutembea umbali mrefu kutoka shughuli moja kwenda nyingine. Waandaaji walikuwa wameweka mapito ya kivuli ya mimea inayotambaa, urefu wa jumla kilomita 7.4, na vituo 57 vya kunyunyiza maji ya ukungu, kwenye karatasi inasomeka vizuri, lakini watu ni elfu arobaini na tatu na kila mmoja anataka kivuli saa ile ile. Usiku wa ufunguzi, tarehe 2 Agosti, wakawaweka watoto kwenye sherehe ndefu, na zaidi ya mia wakahitaji matibabu. Ndani ya siku hizo za mwanzo waliougua kwa joto walikuwa mamia.

Na haya yalisemwa mapema, hakuna anayeweza kusema hakujua. Oktoba 2022 mbunge mmoja bungeni kwao alimuuliza Waziri wa Usawa wa Jinsia na Familia, Kim Hyun-sook, ambaye alikuwa mmoja wa wenyeviti wa kamati ya maandalizi, kuhusu joto, mafuriko na wadudu, na waziri akajibu kwamba mipango yote imeshawekwa. Kambi ya majaribio iliyotakiwa kufanyika Agosti 2022 ikafutwa, sababu iliyotolewa ni korona. Sasa mimi nikiwa mwandaaji, kambi ya majaribio ndio kitu cha mwisho kabisa nitakachokubali kufuta, maana ndio siku pekee unayojua mfereji unapitisha maji au haupitishi. Na Japan mwaka 2015, kule Kirara-hama, jambori lilifanyika mwisho wa Julai hadi Agosti, ardhi iliyofukiwa pia, joto pia. Somo lilikuwepo jirani tu hapo.

Vyoo na chakula sitaki kukaa sana maana vinakera, ila lazima visemwe. Vyoo vilikuwa vichache na wasafishaji wachache mno kwa idadi ile, vikaziba, vikachafuka, mabafu mengine yamezungushiwa pazia tu. Hali ilifika mahali waziri mkuu wa nchi, Han Duck-soo, alipokwenda kukagua alishika kazi ya kusafisha choo kwa mikono yake, na baada ya hapo wasafishaji wakaongezwa kwa mamia. Kwenye chakula, tarehe 2 watoto waligawiwa mayai na mengine yakakutwa na ukungu. Bajeti ya jambori zima ilikuwa zaidi ya won bilioni 117, kama dola milioni 90 hivi, na sehemu kubwa ya hizo ilikwenda kwenye uendeshaji wa kamati wakati vyoo, mabafu na mifereji vikipata kidogo. Kwa hiyo hela ilikuwepo. Na muda ulikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mmoja mwenye jukumu, maana wenyeviti wenza walikuwa watano, kila mmoja na ofisi yake, na penye wenyeviti watano ukiuliza choo ni cha nani hupati jibu.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho ndio sababu ya kuandika hii rivyu.

Waingereza walikuja na msafara mkubwa kuliko wote, zaidi ya watu elfu nne. Mkuu wao alisema wazi kwamba walikuwa wakilalamika kwa waandaaji kuhusu mambo manne, usafi, chakula, kinga ya joto na matibabu, na walipoona hayarekebishwi wakaamua kutoka. Wakawahamishia watoto hoteli za Seoul, na gharama yake ilipita pauni milioni moja, wakatoa kwenye akiba ya chama chao. Wamarekani kama 1,500 wakahamia kambi ya jeshi lao, Camp Humphreys, pale Pyeongtaek. Singapore nao wakaondoka. Shirika la skauti la dunia lenyewe likawaomba wenyeji wafikirie kufunga mapema, wakuu wa misafara wakakaa kikao, uamuzi ukawa ni kuendelea.

Mimi siwalaumu Waingereza hata kidogo, wale walifanya kile mzazi anachotegemea. Na siwalaumu waliobaki, maana wengi walibaki kwa hiari, na baada ya serikali kuingiza mabasi yenye kiyoyozi, magari ya maji baridi na fedha za dharura hali ilipata nafuu kweli. Ninachosema ni hiki: kuna kubaki kwa sababu umepima ukaona panafaa, na kuna kubaki kwa sababu huna nauli ya kwenda kwingine. Tiketi yako ni ya tarehe 12, haibadilishiki bila faini, akaunti imeisha, hoteli ya Seoul mwezi Agosti usiiulize bei, ubalozi wenu upo lakini hauna bweni. Msafara wa namna hiyo hata ukilalamika, mwandaaji anajua huendi popote. Na misafara mingi ya kwetu huku iko hivyo, tunachangisha hadi wiki ya mwisho, hela inaishia kwenye tiketi na ada, tunapanda ndege na shilingi za kununulia zawadi. Kwa hiyo mimi huduma ya tukio la kimataifa siipimi kwa yule aliyeweza kuondoka, naipima kwa yule asiyeweza. Kwa kipimo hicho Saemangeum siku tano za mwanzo ni sifuri.

Halafu ikaja kimbunga Khanun. Tarehe 7 Agosti ikatangazwa kambi yote inahamishwa, tarehe 8 mabasi zaidi ya elfu moja yakabeba watu kama 36,000 kuwatoa Saemangeum kuwapeleka Seoul, Gyeonggi, Chungcheong na sehemu nyingine, kwenye mabweni ya vyuo na vituo vya mafunzo vya makampuni. Hapa lazima niwape haki yao, kuhamisha watu wote hao kwa siku moja bila mtu kufa ni kazi kubwa na ilifanyika. Lakini hata humo ndani angalia hili lililotokea wilaya ya Hongseong. Chuo cha Hyejeon kiliambiwa kipokee maskauti 175 kutoka Yemen, wilaya na chuo wakakimbizana, wakaandaa vyumba, wakaagiza chakula cha watu 175, kikapangwa mezani, watu wamesimama mlangoni wanasubiri basi, basi halionekani, wanapiga simu, hakuna anayejua, hadi usiku ndio wanaambiwa wale Wayemen hawajawahi hata kuingia Korea. Tangu tarehe 1 hadi tarehe 8 kamati ilikuwa na orodha yenye watu 175 ambao hawapo nchini na hakuna aliyewahi kuwahesabu! Kama hujui nani hayupo, hujui pia nani yupo. Mimi kama kiongozi hicho kimenitisha kuliko yai lenye ukungu, maana siku mtoto akipotea orodha ndio kitu cha kwanza unachokimbilia.

Nyota mbili nazitoa kwa wananchi wa Korea. Kuna watu walibeba maji na barafu kwenda kambini bila kutumwa, makampuni yakaleta vyoo na madaktari, mahekalu ya Kibudha yakafungua milango yalale maskauti, watu mitaani Seoul wakiona kijana mwenye skafu wanamlipia chakula. Wengi waliokwenda ukiwauliza kitu kizuri walichokumbuka watakuambia hicho, pamoja na tamasha la K-pop la tarehe 11 pale Uwanja wa Kombe la Dunia wa Seoul. Aibu ilikuwa ya serikali, wananchi wakaibeba kama yao.

Sasa tufanyeje, maana kuacha kwenda sio jibu. Kijana wa Singida au Kitui akikaa siku kumi na wenzake wa nchi mia na hamsini anarudi mtu mwingine, nimeliona hilo kwa macho yangu. Na mpangilio mbovu utaukuta popote, nimewahi kusindikiza vijana kwenye kambi moja nje ya nchi, nisiitaje, tukashuka uwanja wa ndege saa saba usiku na wa kutupokea hayupo, namba waliyotupa haipokelewi, na kilichotuokoa ni kwamba mwalimu wetu mmoja alikuwa na dola taslimu na namba ya Mtanzania anayeishi mji ule, tukalala pazuri, asubuhi tukaenda kambini wenyewe. Bila ile dola tungelala kwenye viti na watoto wa watu.

Kwa hiyo fungu la kutokea, yaani hela ya kuondokea kambini mambo yakiharibika, ndio la kwanza kwenye bajeti, kabla ya sare, kabla ya beji za kubadilishana, kabla ya fulana. Hesabu yake iwe malazi ya usiku mbili tatu nje ya kambi kwa kila mtoto, usafiri wa kufika huko, na faini ya kubadilisha tiketi. Mtu ataniambia hatuna hela hiyo, sawa, ndio maana nasema misafara ya Afrika Mashariki tuungane kwenye hili. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, kila mmoja peke yake ni msafara mdogo, lakini tukiweka fungu moja la dharura, nesi au daktari wetu mmoja au wawili, na mtu mmoja wa kusema kwa niaba yetu wote kwenye kikao cha wakuu wa misafara, hapo mwandaaji atasikiliza. Ofisi ya skauti kanda ya Afrika iko Nairobi, sio mbali, hili linaweza kuanza kuongelewa mwaka huu.

Pili, muamue mkiwa bado nyumbani ni kitu gani kikitokea mnaondoka. Waingereza walikuwa na yale mambo manne. Sisi tuandike ya kwetu, tuyasaini na wazazi, kwa mfano maji ya kunywa yakikosekana kwa saa kadhaa, au mtoto wa pili akizimia kwa siku moja, au kliniki ikishindwa kumpokea mgonjwa wetu. Ukisubiri kuamua ukiwa pale juani, watoto wanalia, mwenyeji anakubembeleza, ubalozi unakuambia vumilia usiharibu uhusiano, hautaamua. Utavumilia tu, na atakayeumia ni mtoto.

Mkifika, kabla ya kufungua mabegi, viongozi wawili wazunguke waone kwa macho maji yako wapi, choo kiko wapi na kina sabuni au hakina, kliniki iko umbali gani kwa mguu, kivuli kiko wapi saa nane mchana. Hesabu ya watoto asubuhi, mchana na usiku, kwa majina, yenu wenyewe, msitegemee orodha ya kamati (mkumbuke Hongseong). Watoto watembee wawili wawili. ORS (chumvi za kurudisha maji mwilini) mbebe za kutosha kutoka nyumbani, ni bei ndogo na ni nyepesi, dawa ya mbu na chandarua pia hata kama mnaambiwa Ulaya hakuna mbu. Malalamiko yapelekwe kwa maandishi, yawe na saa na picha, na mhifadhi nakala, maana malalamiko ya mdomo kesho yake hayapo. Na wazazi nyumbani wapewe taarifa muda ule ule kila siku na mtu mmoja, sio kila mtoto anarusha video kwenye grupu halafu mama anashinda na presha. Mkiwa na shida semeni ni shida, wazazi wakishajua mnawaficha ndio wanachanganyikiwa.

Kuhusu Poland yenyewe. Tarehe zilizotangazwa ni 30 Julai hadi 8 Agosti 2027, kisiwa cha Sobieszewo, Gdańsk, karibu na bahari ya Baltiki. Hali ya hewa ni kinyume na Korea, Agosti kule mchana ni nyuzi 20 na kitu, usiku baridi, na mvua ipo, kwa hiyo mtoto wetu tatizo lake litakuwa hema linalovuja na begi la kulalia jepesi. Msimnunulie begi la kulalia la mtumba bila kusoma limeandikwa nyuzi ngapi. Viza ni ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, Poland wana ubalozi Dar na Nairobi, maombi yanaruhusiwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na bima ya matibabu lazima ifike euro 30,000. Ada ya kawaida kuanzia miaka 12 ni euro 90, lakini sheria ya viza ya Umoja wa Ulaya inasamehe ada kwa wawakilishi wa mashirika yasiyo ya faida wenye miaka 25 au chini wanaokwenda kwenye mikutano, michezo au matukio ya utamaduni na elimu yanayoandaliwa na mashirika yasiyo ya faida, iko kwenye kifungu cha 16. Jambori naona linaingia humo kabisa, kwa hiyo barua ya chama iombe hilo kwa maandishi kabla hamjalipa, kwa watoto thelathini hiyo ni euro 2,700 na tayari umepata mwanzo wa fungu la kutokea.

Maswali ninayotaka chama chetu kiwatumie waandaaji wa Gdańsk mapema na kupata majibu kwa barua: kambi ya majaribio ni lini na watu wangapi, choo kimoja ni cha watu wangapi na kinasafishwa mara ngapi kwa siku, kila kambi ndogo ina madaktari wangapi, mvua kubwa au upepo ukija watu wanapelekwa jengo gani na kwa mabasi ya nani, na msafara usio na hela ukiomba kuhamishwa nani analipa. Hilo la mwisho ndio nitakalolisoma kwanza. Likijibiwa vizuri, watoto wa kikosi changu wanaanza kuchangisha Januari.